Sukuma Hukamuliwa, Haichinjwi

Waberi, Garissa
2 Julai 2025

Mpendwa mwanangu Nkirote,

Assalaam aleikum. Habari ya Doha, habari ya hospitali, habari ya joto la huko? Mimi niliyezaliwa Hulugho huwezi kunitisha na joto. Mgongo wako je? Kuinua wagonjwa si kazi ndogo, jihurumie. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mimi ni mzima kuliko vijana wote wa mtaa huu, waulize.

Mumeo, mwanangu Salah, alipita Jumapili na lori lake la maji, akalala, akarudi Dadaab. Amenenepa kidogo. Naona mizigo ni mingi na wasiwasi ni kidogo.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kabla sijamaliza neno la kwanza wewe uko la kumi. Karatasi haikatiziki. Wifi yako Sagal ataipiga picha akutumie, nawe utaisoma mpaka mwisho. Herufi zikipinda zinyooshe mwenyewe. Mimi nilisoma gumbaru na mvi kichwani, na nilikuwa wa kwanza darasani.

Ulisema ukija likizo mwezi wa nane utawachukua Ruweyda na Jelle uwapeleke kwa mama yako kule Maua, kwa sababu hapa ni pasta, wali na nyama, na jani la kijani hawalijui. Ukasema mchunga ngamia hawezi kulea mtoto kwa mboga. Siku ile sikujibu. Leo najibu.

Nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na matairi mabovu ya Salah, sasa ni shamba. Nimelima mimi na hawa watoto wako wawili. Nimezungushia miiba kama zizi, hata hawa mbuzi wa Waberi wanaokula katoni wamekwama nje. Juu nimetandaza mikeka ya zamani ya marehemu mama Salah, jua lisiunguze. Maji ni ya udhu. Tunatawadhia kwenye beseni, tone halipotei. Mbolea ni samadi ya mbuzi iliyokaa. Mwanzoni tulitia mbichi, miche ikaungua yote. Sikulia. Nimeona ukame mara ngapi? Tukaanza upya.

Kila mtoto nimempa tuta lake, vile mtoto wetu anavyopewa mbuzi jike akizaliwa, na uzao wote ni wake. Ruweyda ana sukuma, Jelle ana kunde. Jelle amechonga alama tunayowapiga ngamia wetu kwenye kijiti akakisimamisha pale, mtu asidai.

Mboga zikastawi mpaka majirani wakaja kuchungulia. Sagal akatoka na kisu, nikamzuia. Mali ikianza kuongezeka huichinji, unaiacha izae. Hivyo ndivyo baba yangu alivyotajirika. Sagal akasema sukuma si ngamia. Nikamwambia arudi jikoni.

Majani ya chini yakaanza kuwa manjano na kuanguka. Rafiki yangu Nunow, yule anayekunywa chai yangu huku akinitukana, akasema, "Olow, unafuga majani uzikwe nayo?" Nikamwambia anywe chai anyamaze.

Basi Ruweyda akaja akachuchumaa kando yangu, babu yake. Akaniambia, "Awowe, usimchinje. Mkamue." Akavunja jani moja la chini, taratibu, ya juu asiyaguse. "Ndama si huachiwa maziwa?" Nikasema huachiwa. "Haya ya juu ni ya ndama."

Nkirote, mtoto huyo ana akili, na unajua imetoka upande gani. Tangu siku ile tunakamua, na kadiri tunavyokamua ndivyo zinavyotoa.

Ruweyda alikula zake siku ileile. Jelle alikataa kabisa. Alisema majani ni chakula cha mbuzi. Utasema alisikia kwangu. Haidhuru alisikia kwa nani.

Ijumaa Nunow akaja kula. Nikamwambia Jelle, leo mgeni ni wako, mpe kutoka zizi lako. Akakamua kunde zake mwenyewe, Sagal akazipika na nyama, tukaweka sinia chini. Jelle akalisukuma mbele, akasema, "Kula, Awowe Nunow."

Nunow akakunja mikono. "Mwenye mali hali, mgeni ndiye ale? Umenitilia sumu, wewe?"

Mtoto akaangalia sinia, akaniangalia mimi. Sikumsaidia. Unajua aibu ya mgeni kula peke yake kwetu ilivyo. Akatia mkono, akafumba macho kama anayemeza dawa. Akatafuna. Akatia tena. Mwisho Nunow alikuwa anapiga kelele, "Mwenyeji gani huyu anamaliza chakula cha mgeni!" Sasa Jelle anauliza kila siku nani anakuja.

Nyanya zangu mimi zimekauka. Mbegu ilikuwa mbaya.

Basi uamuzi ni wako, wewe ndiye mama. Maua ni pazuri, mvua wanayo, na mama yako ni mtu mwema. Lakini huko watakula mboga za bibi yao, hapa wanakula zao. Waache hapa. Hili si ombi. Kama Kiswahili hakina neno lingine, haya, liite ombi.

Wasalimie Faiza unayekaa naye chumba kimoja na wenzako wote wa kazini. Kwa mama yako fikisha salamu zangu za heshima. Sagal anakusalimu sana. Mungu akulinde ugenini, akupe afya na riziki ya halali, akurudishe mlangoni kwako kwa amani.

Limebaki tuta moja tupu karibu na ukuta. Watoto wanasema ni la mama. Nimekataa kulipanda, kwa sababu mali ya mtu asiyekuwepo haichungiki. Jelle hulimwagilia kila asubuhi hata hivyo.

Ni mimi nikupendaye, babu ya watoto wako,
Olow