Kipande Ulichokipiga Wewe

Paskalina,

Nakuonea wivu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na machozi utajua nadanganya.

Baada ya kukuzika Endagikot nilibaki peke yangu na filamu yetu ya chuo, ile ya mama yako akimtafuta ng'ombe aliyepotea, kutoka kwenu mlimani hadi mbugani Dirma. Mwalimu wetu alisema nisiikabidhi kabla watu wa kawaida hawajaiona. Nikaionyesha kwanza Dongobesh, kwenye ukumbi wa parokia, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Kila mtazamaji alipewa karatasi ajibu mambo mawili: umekumbuka nini, na umechoka wapi.

Karibu wote walikumbuka kipande chako. Mama anakaa juu ya jiwe, anavua kiatu, anakung'uta mchanga, halafu anakaa tu. Tuligombana sana siku ile. Nilisema ni kirefu mno, hakuna kinachotokea. Ukanijibu, "Muache apumzike."

Na walichoka wapi? Kwenye kipande changu, Mlima Hanang na mawingu yake, niliouamkia alfajiri siku tatu. Mmoja aliandika, "Mlima tunauona kila siku."

Nililia, lakini si kwa ajili yako. Umekufa na bado unanishinda.

Nikafanya ubaya. Karatasi nikazificha chini ya godoro. Kipande chako nikakikata kikabaki sekunde chache, mlima nikaurefusha. Mwalimu nikamwambia ndivyo watu walivyotaka.

Tukaipeleka Dirma. Mama yako alikuja, akakaa mbele kabisa. Ilipoisha, mzee mmoja mfugaji alisimama na fimbo yake, akauliza taratibu, "Huyu mama mbona hapumziki? Ametembea kutwa nzima. Mnamtesa." Wenzake wakaitikia.

Nilimfuata mama nje, nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Siku ile sikuwa naigiza, mwanangu. Nilikuwa nimechoka kweli, na Paskalina aliona. Wewe ulikuwa unaangalia saa."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikakirudisha kipande chako chote, mlima nikaupunguza. Karatasi nikampelekea mwalimu na kukiri kwamba nilimdanganya. Alinipunguzia alama, sikubisha. Tulipoionyesha tena Dirma, yule mzee alikuwepo. Mama alipokaa kwenye jiwe, hakuna aliyekohoa ukumbini. Mwishoni walipiga makofi, na majina yetu yalipotokea kwenye skrini, lako lilitangulia langu.

Nilipoliona pale juu moyo ulinichoma, sikufichi. Ningependa liwe langu. Kisha nikageuka nikuambie, Paskalina, nikageuka kabisa kushoto kama tulivyozoea, na kiti kilikuwa kitupu. Wivu na majonzi, siku hizi sijui kipi ni kipi.

Jumamosi naenda kwenu kumsaidia mama kuvuna maharage. Ameniambia nisije na kamera.

Kwa heri, rafiki yangu. Ninachokuahidi ni kimoja: nikisifiwa kwa kitu nilichojifunza kwako, nitakutaja, hata mbele ya watu wasiokujua. Itaniuma. Nitakutaja hivyo hivyo.

Wako,
Fausta