Mtu Asikohoe Mpaka Alhamisi

Jumatatu, 9 Juni

Nimelazwa. Kitanda cha dirishani — bahati. Ngiri yangu inapasuliwa Alhamisi, baada ya kuahirishwa mara mbili. Sista wa wodi, mama mfupi asiyecheka na mtu, amenipa ukweli bila kupepesa: virusi vya mafua makali vinazunguka, na nikianza kukohoa hakuna kupasuliwa, maana kikohozi kitafumua mshono. Mimi ni fundi wa makochi. Mshono ukifumuka najua kinachotoka ndani! Nimenawa mikono mpaka vidole vimekunjamana.

Jumanne, 10 Juni

Jirani wa kitanda cha pili kapiga chafya. Moja tu, lakini ya kutikisa vioo. Nilimwita Sista kabla mwenyewe hajafuta pua. Kahamishiwa chumba cha peke yake. Ameondoka akilalamika kwamba hata mkewe hajawahi kumchongea hivyo.

Jioni akaja shemeji, kaka wa mke wangu. Macho mekundu, pua inachuruzika, barakoa kaivaa kidevuni. Na mkono kaunyoosha! Nikajifanya nimelala. Akavuta kiti, akanisimulia habari za mpira, mimi nakoroma. Mwisho nikafumbua jicho moja nikamwambia, "Shemeji, nenda nyumbani, tutasalimiana nikipona." Amenuna. Na anune, akichoka ataacha.

Jumatano, 11 Juni

Wodi nzima sasa wananiita Mkuu wa Kituo. Sawa tu. Mgeni asiyenawa mlangoni hapiti kwangu.

Mke wangu hakuingia. Kapiga simu: koo linamuwasha, kaambukizwa na huyo huyo kaka yake, hataki kuniletea mafua. Nikamwambia amefanya vizuri. Nikageukia ukutani. Nilimtaka awepo. Kisu nakiogopa, na hilo sijamwambia mtu.

Baadaye nasikia kioo kinagongwa — yeye, huko nje, barakoa mpaka chini ya macho, ananipungia mikono miwili. Nimempungia mpaka ngiri ikauma.

Alhamisi, 12 Juni

Tayari. Gauni liko wazi mgongoni, tumbo tupu, homa sina, kifua safi.

Daktari wa upasuaji kaja kunichora kwa kalamu pale pa kukata. Kijana mpole, mkono mwepesi. Akavuta pazia, akanipa mgongo, akashusha barakoa — chafya! Ya pili! Ya tatu akaizimia kwenye kiwiko. Akanawa vizuri, hilo nimeliona. Akatoka akipapasa mfukoni, akatoa kidonge, akakimeza kikavu. Hakuna aliyemwona ila mimi.

Nimejaribu kumtetea. Labda ni unga wa glovu. Labda kiyoyozi. Yule jirani sikumtafutia labda hata moja.

Nikisema, daktari mwingine ni mwezi ujao. Nisiposema, nalala mdomo wazi, naye kaniinamia.

Sista kaingia na kitanda cha magurudumu. Kauliza kama anavyouliza kila asubuhi: kuna mtu mwenye dalili aliyenikaribia? Leo ametabasamu, mara ya kwanza. Eti ananiamini kuliko kipimajoto.

Nimemwomba anisubiri nimalizie ukurasa. Kasimama, mkono kiunoni. Imebaki mistari miwili. Naandika herufi ndogo ndogo ili isiishe.