Kiberiti Chini ya Mkia

Nyumba Na. 9, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kepteni,

Neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua huanza hivyo, usilitegemee sana. Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo? Wanangu wameshapona mafua? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua ngazini, na mimi macho yamepungua nguvu, ila si kiasi cha kushindwa kusoma.

Nasema kusoma kwa sababu lile jarida la shirika lenu ulilomtumia Mama limefika. Ukurasa wa kumi na moja: "Rubani Anayeunda Ndege kwa Mikono Yake." Na picha yako, meno yote nje, umesimama nyuma ya ndege yangu. Nimeisoma habari hiyo mara tatu nikitafuta neno "dada". Kuna "subira", kuna "kipaji", kuna "tangu utotoni". Dada hayumo.

Ile ndege ndogo ya mezani ni miezi kumi na minne ya maisha yangu. Unajua ninavyofanya kazi: mchana nachonga meno ya bandia ya watu, jioni meza ileile naigeuza karakana. Kiwiliwili nilikichonga kwa mbao laini nikakitoboa ndani, mabawa ni bati la makopo ya maziwa, na madirisha arobaini na nane nimeyakata moja moja. Rafadha zake ukizipuliza zinazunguka. Niliiunda kwa sababu ndiyo aina ya kwanza uliyorusha, nikakupa siku uliyotimiza miaka hamsini. Nilikupa uitazame. Sikukupa uwe fundi wake.

Halafu nikaiangalia picha kwa lenzi ninayokagulia meno, nikaona jambo lililonikera kuliko maneno yote. Chini ya mkia kuna kiberiti. Kepteni, ndege yangu inaegemea kiberiti kwa nini? Ilitoka kwangu ikiwa imesimama kwa magurudumu yake matatu.

Nakujibia mwenyewe. Uliitikisa ukasikia kitu kinacheza ndani. Ukadhani ni uchafu nilioufungia humo kwa kusahau, ukapasua tumbo, ukatoa goroli sita za baiskeli. Zile nilizipachika puani kwa plasta ya meno, na lazima moja iliachia. Ungeniuliza, ningekuelekeza kwa dakika tano. Bila uzito ule pua inakuwa nyepesi na ndege inakalia mkia. Wewe umerusha ndege miaka ishirini na mitano, kila siku unatia sahihi karatasi ya mizigo ikae wapi, na hukujiuliza pua ya hii ndogo inashikiliwa na nini. Naomba tu abiria wako wasilione jarida hilo.

Mama nimemwonyesha kiberiti. Hakujali. Ukurasa ameshaukata na kuubandika sebuleni, juu ya redio, yeye aliyelalamika miaka yote kuhusu harufu ya gundi na anayejua fika nani aliyeunda nini humu ndani. Akaniambia, "Mwache mwenzio. Wewe hayo makofi ungeyapeleka wapi?" Kwa kuwa ni mama, nilirudi mezani kwangu. Lakini iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Ningeweza kumeza hata hili. Nimemeza mengi. Tulipokuwa tukilala chali juu ya paa la stoo, mimi ndiye niliyezitambua ndege kwa mlio na wewe ukisinzia. Kisha karo ya urubani ikatosha mtoto mmoja, na baba akasema msichana atatapika huko juu. Sikukulaumu, hukuchagua wewe. Hili la sasa umelichagua ukiwa na mvi.

Na hujatosheka. Juzi umenitumia ujumbe wa sauti unachekacheka: "Dada, klabu ya wapenda ndege wameniomba niwaonyeshe watu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hebu nitumie nyingine mbili, moja iwe bado nusu, halafu uniandikie kidogo mabawa yanaungwaje. Usiandike sana, yale ya msingi tu." Nilikuwa nimeshika jino la mteja, nimelivunja. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mdogo wangu, na wewe umeivaa unataka kupanda nayo jukwaani.

Basi jibu ni hapana. Situmi mbili, situmi nusu, wala sikuandikii mabawa yanaungwaje. Utajifunza siku hiyohiyo pamoja na wengine, ukitazama mikono yangu. Nimempigia katibu wa klabu. Sikukuchongea; nimemwambia mimi ni dada yako na ninaunda pia. Amefurahi, akasema tutatumia meza moja. Kabla sijafika kwenye hiyo meza unao muda wa kuwaambia ukweli kwa kinywa chako. Ukinyamaza nitausema mimi, kwenye kipaza sauti, na sitapunguza neno.

Tiketi nimeshakata. Nina miaka hamsini na minne, nazijua ndege kwa mkia na kwa idadi ya madirisha, na sijawahi kukanyaga ngazi ya hata moja. Kila mwaka ulisema, "Mwakani, Dada." Nimechoka kuisubiri mwakani yako. Nimeomba kiti cha dirishani, nyuma kidogo ya bawa, niyaone yale mapezi yakishuka wakati wa kutua. Si ndege ya shirika lenu. Hilo ndilo nililouliza kwanza.

Nisalimie wifi, mwambie asihangaike na kitanda, nitalala popote. Wanangu waambie shangazi yao anakuja, na wakae mstari wa mbele. Mama anakusalimu, anasema tusigombane mbele za watu. Mungu akulinde huko juu, na akupe ulimi wa kusema kabla sijatua.

Wako akupendaye, ingawa mwezi huu kwa taabu,

Dada yako