Mtufaha Ndani ya Ua wa Dubu

Lindevej 14,
Nørrevig, Denmark.
22 Agosti 2019

Mpendwa mdogo wangu Troels,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini wewe, wifi Claire na watoto hamjambo huko Kanada. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi. Baba hajambo kidogo. Nakueleza hali yake ingawa katika barua yako hukuiulizia.

Uliloulizia ni bustani ya wanyama. Umesikia inapanuliwa, na unataka kujua kama inafaa kuwaleta Alma na Villads mwezi wa kumi, au nauli itapotea bure. Basi Jumapili nilikwenda kuitazama. Baba naye alikataa kubaki, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu.

Lango jipya ni refu kuliko kanisa letu. Pengwini wamejengewa bwawa ambalo hata mimi ningehamia. Simba ni yule yule mzee wa siku zote, kalala kawapa watu mgongo, na kwa zile kelele za watoto sikumlaumu. Kahawa yao ni maji ya moto yaliyotiwa rangi. Nilitafuta mkate mweusi na samaki wa siki nimpe Baba, nikaambiwa kuna soseji tu. Watu walijaa tele, na wote walionekana kufurahi, jambo lililoniudhi zaidi.

Sasa nije kwa dubu. Unazikumbuka bustani zetu za kukodi nyuma ya reli, kila familia na kibanda chake na mlingoti wake wa bendera? Ua wa dubu ndipo hapo. Siku tulipopiga kura kuwaachia bustani ya wanyama ardhi ile, Baba, akiwa mwenyekiti wetu, ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kukubali. Bwana mmoja wa jiji alikuwa amekuja na keki, akaahidi mbele ya watu wote kwamba miti mikongwe haitakatwa. Baba aliamini, maana yeye mwenyewe akisema neno halirudi nyuma.

Ahadi ni deni, nao wamelipa. Mtufaha wako, ule alioupanda wiki uliyozaliwa, umesimama palepale. Umezungushiwa waya wa umeme, ila kwa kuchelewa: gome limechunwa mpaka mahali dubu anapofikia, na matawi ya chini yamekatwa ili watazamaji waone vizuri. Huko juu kabisa yamebaki matufaha machache.

Mama mmoja kando yetu alimwambia binti yake, "Ona, mpenzi, dubu wamepandiwa mti wao!"

"Si wao huo," Baba akasema. "Ni wa Troels."

"Troels ndiye yule dubu mkubwa, babu?" mtoto akauliza.

"Hapana. Troels alitoroka zamani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nina hasira, Troels. Nina hasira na jiji, na yule bwana na keki yake, na wewe kuliko wote. Miaka tisa! Villads hajawahi hata kumwona babu yake. Kila siku yako ya kuzaliwa, mpaka bustani ilipochukuliwa, Baba alikupandishia bendera pale, tukala keki yako sisi wawili. Sasa bendera imekunjwa kwenye droo yake huko nyumba ya wazee. Daktari anasema moyo wake umechoka, na hadhani kama ataiona Krismasi.

Tulipokuwa tukitoka nilimwambia Baba kwamba nitakuandikia ukweli, kuwa mahali pale hapafai hata ukiingizwa bure. Akanivuta mkono wa koti.

"Usiandike hivyo, Ragnhild. Mwambie ni pazuri sana. Mwambie kuna pengwini. Watoto wakipataka, naye atakuja."

Msalimie sana wifi, na uwabusu Alma na Villads kwa niaba ya shangazi yao. Mama mdogo Tove anawasalimu nyote. Mungu awatunze huko mliko, na njia awafungulie.

Bustani ya wanyama ni nzuri sana, Troels. Kuna pengwini.

Dada yako akupendaye, hata akinuna,
Ragnhild