Waya Mbili Ulizobahatisha

Baba Naomi mpendwa,

Nakuita jina ambalo wewe mwenyewe hukuwahi kulisikia. Naomi alizaliwa wakati udongo wa kaburi lako haujakauka vizuri, na tangu hapo watu wa Elburgon hawakutaji kwa jina lingine. Jana aliniuliza tena ulikufaje. Ni mama wa watoto sasa, si mtu wa kudanganywa, lakini nilimfokea, nikamwambia aende akaangalie ng'ombe. Leo nimekosa usingizi kwa sababu hiyo, ndipo nikaona heri niongee na wewe kwanza.

Unalikumbuka lori letu? Swali gani hilo! Lilitoka jeshini baada ya vita likiwa limechoka, ukalipatia kazi ya kuteremsha mbao kutoka kiwandani hadi Nakuru. Fundi wake alikuwa jirani yetu Mwangi. Kisha Hali ya Hatari ya Mau Mau ikaingia, serikali ikawakusanya Wakikuyu wa kambi yetu ya kiwanda, na Mwangi na mke wake na watoto wakapakiwa kwenye gari wakapelekwa risavu, kule walikotengewa Wakikuyu. Mke wake aliniachia kuku wake. Wewe ulisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, halafu ukasema, "Sasa hii gari nitatengeneza mwenyewe."

Nilicheka. Wewe uliyeshindwa na mlango wa choo!

"Nyamaza, mama. Nimemtazama Mwangi miaka hii yote. Kutazama ni kusoma."

Kutazama si kusoma, mume wangu. Nilikuambia siku ile na nakuambia tena leo, maana ubishi wako ulikuwa wa kuzaliwa nao.

Ukafungua kichwa cha injini pale nyuma ya nyumba. Ili ujue kila waya ya plagi itarudi wapi, uliniomba nyuzi za sufu nilizokuwa nafumia sweta ya mtoto, kila waya rangi yake. Nilikusifu, kweli. Nikasema huyu mtu ana akili. Lakini mikono yako ilikuwa grisi tupu, na siku ya kurudisha, uzi mwekundu na ule wa kahawia zilikuwa nyeusi zote mbili. Ukazigeuzageuza, hata ukazinusa. "Hizi mbili nitabahatisha," ukasema, na mimi nikaenda zangu jikoni kupika.

Ikawaka. Ukanitazama kwa maringo, na gari inakohoa kama mzee wa tumbaku.

"Itazoea," ukasema.

Gari gani inazoea, Baba Naomi?

Kwenda Nakuru haikuwa kitu, ni mteremko, hata mkokoteni ungefika. Tulienda pamoja kwa sababu ya kliniki, tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Shida ilikuwa kurudi. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje, ilianza saa kumi na mbili jioni, na aliyekutwa kando ya msitu baada ya hapo hakuulizwa jina. Tulipopita Njoro na magunia ya unga nyuma, mlima ukaanza na gari ikakataa kuvuta. Ukarudi gia ya pili, ukarudi ya kwanza. Sailensa ya bomba la moshi nayo ikaanza kupasuka, pa! pa!, sawasawa na zile bunduki za kienyeji za watu wa msituni. Waliokuwa shambani walijitupa chini katikati ya mahindi. Nilishika tumbo kwa mikono miwili.

"Tuache hii kitu hapa tutembee," nikakuambia. "Watatuua."

"Na hilo tumbo utatembea nalo mpaka wapi?"

Ukasimamisha pembeni. Ukafungua kabureta, ukapuliza. Ukatoa plagi, ukasugua. Ukawasha, ikawa vilevile. Jua lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye miti ya msitu wa Mau, na jasho lilikutoka ingawa kulikuwa na baridi. Nikachukua kikombe cha maji, nikaanza kudondosha kwenye shingo za bomba la moshi, pale kila moja inapotoka kwenye injini, jinsi Mwangi alivyokuwa akifanya. Kumbe na mimi nilikuwa nimetazama! Nne zilichemsha maji mara moja. Mbili maji yalitiririka tu.

"Hizi mbili hazichomi," nikasema.

Ukagusa kwa kidole, hukuungua. Ukafuata waya zake mpaka kwenye zile nyuzi nyeusi. "Aka! Ni zile nilizobahatisha," ukasema, ukaanza kucheka, na mimi nikacheka mpaka mtoto akapiga teke. Ukabadilisha waya ile hapa, hii pale. "Panda, mama. Tunalala kwetu leo."

Mwangi aliporudi kwetu, mambo yote yakiwa yamekwisha, alinieleza. Petroli ambayo haikuungua ilikuwa imejaa kwenye sailensa, na moto mzuri wa kwanza ukaiwasha yote kwa pamoja. Alisema gari ya mtu yeyote ingefanya hivyo, hata kama angeitengeneza yeye. Nimelishika neno lake mpaka leo.

Ulipowasha, ilipasuka mara moja, kubwa kuliko zote. Ukanigeukia ukicheka, ukasema, "Umesikia?" Risasi zikajibu kutoka kwenye miti, kioo kikaanguka mapajani mwangu, nawe ukalala juu ya usukani.

Askari wa doria walitoka msituni, vijana wadogo tu. Mkubwa wao akawa anauliza nani amepiga bunduki. Nilisema ni gari, ni gari, ni gari. Baadaye waliniambia ni bahati mbaya, wakaniletea blanketi. Nilifanyia blanketi nini? Naomi sikumfunika nalo hata siku moja.

Nina hasira na wewe, lazima useme umesikia. Nina hasira na ubishi wako, na nina hasira zaidi na wale waliomchukua fundi wetu na wale waliopiga kabla ya kuuliza. Nitamwambia mtoto yote hayo. Nitamwambia pia kwamba babake alikuwa anacheka.

Na nitamwambia jambo hili moja ambalo sijamwambia mtu. Yule mkubwa alipiga kelele, "Zima injini!" maana hatukusikiana. Akarudia, akarudia tena. Askari wake hakuna aliyethubutu kukugusa. Nami nilikaa tu. Injini ilikuwa inanguruma sawasawa, haikohoi, haikosi hata pigo moja, ikitikisa kiti chini yetu sisi watatu. Ulikuwa umeiweza, mume wangu. Ulikuwa umeiweza kabisa.

Ndipo nikainama juu yako, nikaizima.

Pumzika hapo ulipo, nami nakuja polepole.

Mke wako,
Mama Naomi