Pole ya Baba

Jumapili. Mvua tangu asubuhi.

Naandika kwa Kiswahili ili wenzangu wa darasani wasisome. Mama atasoma, lakini yeye kwa kawaida hutafuta makosa ya herufi tu.

Kesho Baba anahojiwa chuoni.

Yeye ndiye mkuu wa michezo pale. Huko Kenya alikuwa kocha wa mbio. Alipofika Birmingham alianza kwa kuogesha wazee katika makao yao, na jioni akiwafundisha bure vijana wa mtaa wetu wa Kings Heath kukimbia bustanini, mpaka chuo kikamwajiri kuwa kocha, halafu kikampa ofisi. Kazi hii ikiondoka, sijui kama ataweza kuanza tena. Ana mvi sasa.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mbio za kuruka viunzi aliteleza uwanjani, mguu ukavunjika. Nilikuwa ofisini kwa Baba nikisoma, kama kawaida baada ya shule. Tulisikia mayowe, tukakimbia. Baba alipiga magoti kwenye maji, akamshika yule kijana kichwa, akawa anasema, "Sorry, sorry, so sorry," bila kukoma.

Alikuwa anampa pole. Ndivyo anavyofanya hata mimi nikijigonga kidole mezani.

Lakini waliokuwepo walisikia mtu akikiri kosa. Sasa chuo kinauliza: kama si yeye aliyeruhusu mazoezi kwenye uwanja uliolowa, aliomba msamaha wa nini?

"Baba Neema, na hizo pole zako!" Mama alimwambia leo tukinywa chai. "Hapa ukimwambia mtu sorry, anaita wakili."

"Sasa ningemwambia nini? Hongera?"

Tulicheka sote. Kisha hakuna aliyemaliza chai yake.

Mama ndiye aliyesema niende nao kesho, nieleze maana ya pole. Mimi, ambaye hata mwalimu akiita majina naitikia kwa kunong'ona. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo tangu juzi, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kuzoea.

Ila kuna jambo sijamwambia Mama. Kabla ya yale mayowe, Baba alisimama dirishani, akatazama mvua, akasema uwanja ule ufungwe. Kabla hajatoa amri, simu ikalia. Akaongea muda mrefu, na uwanja haukufungwa.

Mchana nilimkuta peke yake akipiga pasi shati la kesho. Huwa namjibu kwa Kiingereza. Leo nilimuuliza kwa Kiswahili.

"Baba, siku ile ulikuwa unampa pole, au ulikuwa unaomba msamaha?"

Pasi ilisimama. Nikaogopa shati litaungua.

"Zote mbili, mama," akasema. Akaendelea na mkono wa shati. "Kesho wakikuuliza, sema ulichokiona. Usinipunguzie, usiniongezee."



Nikieleza pole peke yake, nikanyamaza kuhusu dirisha, huenda wakamwachia ofisi yake. Nitakuwa sijasema uongo hata kidogo.

Lakini Baba atakuwa ameketi pale pale, akinisikiliza. Nitatazama wapi?