Jina Lililobandikwa Nyuma

Al Wakrah, Ijumaa

Mpendwa Baba Kioko,

Nakusalimu nikiwa na furaha tele. Je, kifua cha mama mkwe kimepona? Na Kioko amerudi shule? Mimi ni mzima, ila joto la huku linatuchosha tangu asubuhi. Leo ni mapumziko, na nimeloweka nguo kwenye karai, lakini sifui mpaka nikueleze yaliyonipata.

Unajua kazi yangu hapa hospitalini ni kuandika programu za takwimu kwa lugha ya kompyuta iitwayo R. Programu yangu husoma vipimo vya wagonjwa na kutoa ripoti kila asubuhi. Wiki hii tuliiongezea wadi ya watoto wachanga. Jumatatu ripoti ikadai karibu watoto wote wana mapigo ya moyo ya hatari, na wenyewe wananyonya na kulala vizuri. Msimamizi wa wadi akamlaumu Teresia, yule nesi wa Kisii ninayekaa naye chumba kimoja, eti anaandika vipimo ovyo. Akatakiwa aandike barua ya kujieleza.

"Mama Kioko, nimehesabu mwenyewe," aliniambia. "Moyo wa mtoto mchanga huenda mbio. Ndiyo kawaida yake."

Maneno hayo yalinikaa. Nilikuwa nimeandika njia mbili za kupima hatari: moja ya mgonjwa yeyote, kwa viwango vya watu wazima, nyingine ya mtoto mchanga. Ukitoa amri, R hutazama majina ya aina yaliyobandikwa kwenye data, ikianzia la kwanza. Njia ya kwanza inayolingana ndiyo inayotumika. Siku mbili nilikagua njia ya watoto mstari kwa mstari, nisione kosa. Jumatano nikaacha hesabu, nikaiuliza R data ile inaitwaje. Ikajibu: "mgonjwa", kisha "mtoto".

Baba Kioko, nilisimama wima pale ofisini. Kosa halikuwa kwenye njia ya watoto; njia hiyo haikuwahi kuitwa hata mara moja. Watoto walikuwa wanapimwa kama watu wazima, na ni mimi niliyebandika jina la "mtoto" nyuma badala ya mbele.

Nikayageuza majina, nikaendesha programu upya. Alama nyekundu za hatari kwenye ripoti zikafutika zote isipokuwa moja, ya mtoto mwenye homa ambaye daktari alikuwa naye tayari.

Bado niko kwenye miezi ya majaribio, na niliogopa. Hata hivyo nilimwita Teresia, tukaenda pamoja kwa bosi wangu, mama mmoja Msudani.

"Kosa ni langu, si la nesi," nikasema.

Akaniuliza nimelipataje. Nikamwonyesha. Akampigia simu msimamizi wa wadi, kisha akamgeukia Teresia: "Khalas, yamekwisha, dada. Hakuna barua." Mimi akaniambia Jumapili niwafundishe wenzangu wote kosa hilo. Teresia alinishika mkono mpaka kwenye lifti.

Nisalimie mama mkwe, shemeji Ndinda anayekusaidia shambani, na dada yangu Mwikali akipita hapo. Kioko mwambie hivi: mama alikosea, akasema, na hakufukuzwa.

Ni mimi mkeo anayekuwaza,
Mama Kioko